Pistoni inagusa hedi, au ni masikio yangu? Vipimo viwili, injini moja

NatiKumi

Salaam wakuu. Safari hii nimekuja kuuliza kabla ya kuharibu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Nina pikipiki ya silinda moja, injini ya pushirodi (vile vijiti vinavyosukuma valvu kutoka chini), pistoni 62 mm, stroku (mwendo wa pistoni chini hadi juu) 49.5 mm, yaani cc 149 na ushee. Ilikuwa inakula oili na kupumulia pembeni mwa hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda), nikaishusha yote. Silinda na pistoni nimeweka mpya. Hedi ilikuwa imepinda, nikaipeleka ikachongwa, na kwa mikwaruzo niliyoikuta, aliyekuwa nayo kabla yangu naye alishaichonga. Gasketi ya chini ya silinda iliyokuja na pistoni ilinichanikia mkononi, nikakata nyingine kwa karatasi ya boksi jembamba. Najua, najua. Endeleeni kusoma.

Nikafunga, nikatoa plagi, nikashika nati ya magneto kwa spana na kuzungusha taratibu. Pistoni ikikaribia juu kabisa nasikia "tk". Si kugonga. Ni kama mtu kagusa kikombe kwa ukucha. Kranki, ile ekseli inayozungushwa na pistoni, haikwami, inapita zake, lakini kila mzunguko: tk.

Nimeambiwa nafasi ya pistoni na hedi hupimwa kwa waya wa lehemu. Nikaweka kipande mbele, upande wa ekzosi, nikarudisha hedi, nikazungusha, nikatoa, nikapima kwa venia (rula ya taya za kutelezesha): 0.86 mm. Nikafurahi, nikaenda kulala. Usingizi haukuja. Asubuhi nikarudia, kipande nikakiweka kushoto: 0.57 mm.

Niamini kipi? Na ikishuka chini ya ngapi ndiyo hatari?

Mzuka_wa_Gia

Mkuu unajitesa bure. Funga, piga kiki. Ikigonga fungua, isipogonga twende. Injini nilizofunga mimi sizihesabu na sijawahi kuweka waya hata siku moja.

chuma_mbichi

Pistoni mpya kliarensi yake ni 0.03 mpaka 0.04. Wewe una 0.57. Sasa unalalamika nini, hapo panapita hadi panya.

BiMaikromita

NatiKumi, kiki usipige kwanza.

Chuma_mbichi, hiyo 0.03 ni nafasi ya ubavuni, pistoni na ukuta wa silinda. Mwenzio anauliza ya juu, uso wa pistoni na hedi pale pistoni inapofika kileleni. Kwenye midomo ya watu zote zinaitwa kliarensi, lakini ukimpa mtu jibu la moja kwenye swali la nyingine umemuulia injini.

Mzuka, wewe umebahatika kufunga injini ambazo hakuna aliyezichonga. Silinda ya kiwandani, hedi ya kiwandani, gasketi za saizi yake: hapo waliokwishapima ni wao. Hii ya kwake hedi imekula tupa mara mbili, pistoni ni ya mtengenezaji mwingine na gasketi ya chini ni boksi. Namba ya kiwandani haipo tena.

Na kusubiri igonge ndiyo ufungue ni kusubiri ajali ndiyo ufunge breki. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila kuvutwa mafuta, inaweza isigonge kabisa. Chukua hiyo stroku ya 49.5 ukaipeleka mizunguko 8,500 kwa dakika. Pale juu pistoni inasimamishwa na kurudishwa chini kwa nguvu ya karibu mara 2,500 ya uzito wake. Tuseme pistoni na ringi na pini yake ni gramu 150: konrodi, ule mkono unaoshika pistoni na kranki, inavutwa kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 375. Inarefuka. Kidogo sana, lakini inarefuka, na kranki nayo inajipinda, na alumini ya pistoni imeshavimba kwa joto. Tena mbaya zaidi si pale moto unapowaka, maana hapo gesi inaisukuma pistoni chini na kuipunguzia konrodi mvuto. Mbaya ni kilele cha pili, pistoni inapomaliza kutoa moshi. Hapo juu yake hakuna kitu cha kuizuia. Ndipo inapobusu hedi, na wewe uko barabarani husikii.

Sasa nijibu mambo matatu. Nati za hedi mara ya kwanza ulizikaza kiasi gani, na mara ya pili kiasi gani? Waya una unene gani? Na ulizungusha upande upi?

NatiKumi

Shikamoo dada, maana umeniulia sababu zote za kubisha.

Mara ya kwanza nilikaza kwa mkono na spana fupi mpaka zikagoma, nikijua nitafungua tena. Mara ya pili nilitumia spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza), kwa mshazari, awamu tatu, kama kitabu kinavyosema. Waya ni 1.5 mm, ule laini wa risasi na bati. Nilizungusha kinyume cha saa nikiwa upande wa magneto, ndivyo injini hii inavyozunguka.

BiMaikromita

Marahaba. Basi jibu umelitoa mwenyewe. 0.86 itupe.

Gasketi ya hedi ambayo haijakazwa ni kama godoro ambalo halijalaliwa na mtu. Ukiikaza kwa toki inashuka, na hiyo tofauti yako ya 0.29 sehemu kubwa ni hapo. Tena kipande uliweka mbele. Pistoni imening'inia kwenye pini yake, na pini imelala kushoto-kulia. Ukibonyeza mbele au nyuma, pistoni inainama kidogo kama ubao wa bembea na waya unabaki mnene kuliko nafasi ilivyo. Kwenye pistoni mpya kuinama huko ni sehemu chache tu za mia za milimita, kwenye iliyolika ni nyingi. Kwa hiyo tunaweka vipande viwili kwa mpigo, kushoto na kulia, juu kabisa ya mstari wa pini, karibu na ukuta pale ambapo hedi ni bapa. Weka tone la grisi visihame. Ukiweka kimoja tu bado unaisukuma pistoni upande.

Waya wa 1.5 unafaa. Usiende kwenye 3 mm ukidhani mnene ndiyo salama. Utalazimisha kranki, na unachokipima kitakuwa mikono yako. Na ule usio na risasi ni mgumu, achana nao.

Unapopima, pima ncha iliyobanwa zaidi, ile iliyokuwa karibu na ukuta. Utaona waya umebapa kama ulimi na mwishoni umekuwa mwembamba. Hapo.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakiwazi: waya unaisukuma pistoni chini wakati unabanwa. Kama beringi ya konrodi ina pleyi, yaani inacheza, au pini ina pleyi, pleyi hiyo yote imeliwa kwa kwenda chini. Injini ikichanganya, pistoni inairudisha kwa kwenda juu. Kwa hiyo waya siku zote unakusifia, unakuonyesha nafasi kubwa kuliko ilivyo. Shika konrodi ivute juu na chini. Ukisikia hata kidogo, usipime kitu, kranki ndiyo tatizo lako.

Kuhusu namba: kwenye injini ndogo ya barabarani ya konrodi ya chuma mimi naipa 0.9 mpaka 1.0 na nalala. Wanaochonga za mashindano wanashuka chini ya hapo, lakini wale wanafungua injini kila baada ya mbio na kuangalia. 0.57 kwenye pikipiki ya kazi sikubali.

NatiKumi

Nimerudia kama ulivyosema. Kushoto 0.55, kulia 0.58. Nikarudia tena na waya mpya: 0.56 na 0.58. Konrodi haina pleyi ya juu-chini, ya ubavuni ipo kidogo.

Lakini sasa kuna kitu hakiniingii. Kama kuna 0.55, basi pistoni haigusi hedi. "Tk" inatoka wapi?

Mzuka_wa_Gia

Aisee hata mimi sasa nataka kujua.

sandarusi

Nimekuwa nasoma kimya. Toa hedi, acha gasketi yake palepale ilipo, peleka pistoni juu kabisa. Ukishaikagua gasketi, itoe, halafu weka rula ya chuma juu ya silinda, ipite juu ya pistoni. Inakaa sawa au inacheza? Kabla ya kuitoa gasketi, angalia ukingo wake pande zote, usiangalie kwa macho tu, pitisha ukucha kuzunguka tundu lote. Una vile vibushi viwili vya kuongozea hedi? Vyote viwili?

NatiKumi

Wakuu nimekaa chini kwanza.

Rula inacheza. Pistoni imetokeza juu ya uso wa silinda. Nimetoa gasketi, nikaweka rula, nikapima upande wa silinda kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi): 0.25 inapita kwa kubana kidogo, 0.30 haipiti.

Vibushi: kipo kimoja. Kingine sikumbuki hata kukiona. Kilichokuwepo ni cha nyuma kulia, kwa hiyo gasketi ilikuwa imezunguka kidogo kwenye bolti zake kama mlango kwenye bawaba. Upande wa mbele kushoto ile pete yake ya chuma imeingia ndani ya tundu. Ukiangalia kwa macho huoni kitu. Ukucha ndio umekwama.

Na kwenye pistoni, ukingoni, mbele kushoto, kuna mstari. Mwembamba kama unywele, urefu wa punje mbili za mchele, unang'aa kuliko alumini yote. Mpya kabisa.

sandarusi

Hiyo ndiyo "tk" yako. Pistoni ingekuwa chini ya uso wa silinda isingewahi kukutana na gasketi hata kama gasketi imeenda upande. Imetokeza, na gasketi imehama, basi wamekutana. Ungepiga kiki pete ile ingeng'oka ndani ya dakika chache.

BiMaikromita

Sandarusi umenifurahisha. Mimi nilikuwa nimeshaganda kwenye waya.

Tazama hesabu inavyojifunga, NatiKumi. Gasketi ya hedi ikishakazwa ina kama 0.8. Pistoni imetokeza 0.25. Toa: 0.55. Ndicho kipimo cha waya wako. Njia mbili tofauti zikikupa namba moja, hapo ndipo unaanza kuziamini.

Na inakuonyesha jambo jingine: kwenye sehemu bapa ya hedi yako, aliyechonga hakugusa nafasi hii. Hedi ikichongwa chumba cha moto kinapungua na valvu zinasogea, lakini kama sehemu bapa imelingana na uso wa hedi, nafasi ya pistoni inabaki ileile. Milimita zako zimeibiwa chini, kwenye silinda. Lile boksi lako lina unene gani?

NatiKumi

Nimelipima baada ya kulitoa. 0.13 mm. Naona aibu hata kuandika.

Mzuka_wa_Gia

Rahisi basi, weka gasketi mbili za hedi. Nimefanya mara nyingi.

BiMaikromita

Mzuka, hapana. Gasketi ya hedi inazuia moto. Ukizipanga mbili, kati yake kuna mshono wa tatu ambao hakuna aliyeutengeneza uzuie kitu, na zote mbili zinaendelea kushuka, nati zinalegea. Gasketi ya chini ya silinda inazuia oili tu. Kurekebisha urefu tunarekebishia chini.

NatiKumi, tafuta gasketi ya chini ya saizi yake. Nyingi za injini kama hii zikibanwa zinabaki kama 0.5. Ukitoka 0.13 kwenda 0.5 umeinua silinda 0.37. Pistoni inashuka chini ya uso kwa 0.12, nafasi inakuwa 0.92 au hapohapo. Usiongeze tena zaidi ya hapo kwa kuogopa. Nafasi ikizidi, mchanganyiko wa petroli na hewa unaobaki pembeni hauchapwi vizuri kuelekea kwenye plagi, na injini inaanza kugonga kwa mwako ukipanda mlima, na wewe utadhani ulivyoiongeza umeipa usalama.

Kompresheni itashuka kidogo. Eneo la pistoni yako ni sentimita za mraba 30.2, kwa hiyo 0.37 ni cc 1.1. Kama ukiwa na gasketi sahihi uwiano ni 9 kwa 1, na boksi ulikuwa kama 9.5. Hutaihisi, labda mguuni ukipiga kiki.

Kabla hujaikalisha gasketi ya chini, ilaze juu ya krankikesi (boksi la kranki) uone tundu la oili linapita. Gasketi ya injini ndugu yake inaweza kulingana bolti zote nne na kuziba njia ya oili. Hilo nalo utalisikia ukiwa umechelewa.

sandarusi

Na ukiinua silinda, pushirodi zinakuwa fupi kwa hesabu, tapeti (zile nafasi ndogo za valvu) zitalegea. Zirudishe. Bahati yako camu (ekseli inayofungua valvu) iko chini na inaendeshwa na gia, taiming haihami. Mwenye cheni na camu juu akifanya hivi camu inahama kidogo, kwa sababu cheni imevutwa upande mmoja.

Halafu valvu. Waya haupimi valvu. Hedi imechongwa mara mbili, hizo zimekaribia pistoni kweli. Chukua ule udongo laini wa kuchezea watoto, bandika kwenye vile visahani (vishimo) vya valvu juu ya pistoni, paka valvu oili zisinate. Rekebisha tapeti kwanza, funga hedi kwa toki, zungusha mizunguko miwili kamili, si mmoja. Ukihisi imegota, simama. Kisha fungua, kata udongo kwa wembe katikati ya alama, pima palipo pembamba. Wengi wanaishia 1.0 kwa valvu ya kuingiza na 1.5 kwa ya ekzosi. Ya ekzosi inapewa zaidi kwa sababu ina joto kali na inakimbizwa na pistoni ikiwa inafunga. Springi ikichoka kidogo tu, inafikiwa.

NatiKumi

Samahani kwa kimya, nilikuwa nasubiri gasketi na kibushi.

Gasketi ya chini, mpya, kabla ya kubanwa 0.55. Tundu la oili linapita, nimechungulia na tochi. Kibushi cha pili kimeingia, gasketi ya hedi mpya haihami hata ukiisukuma. Rula juu ya silinda haichezi tena. Nimezungusha mara ishirini nikiwa nimezima redio na feni. Hakuna tk.

Waya: kushoto 0.92, kulia 0.94. Nimerudia mara tatu, na vile vipande sita nimevipanga kwenye dirisha kama samaki wa kukaushwa.

Udongo: kuingiza 1.9, ekzosi 1.7. Hapa nilipata somo langu binafsi. Mara ya kwanza udongo uliganda wote kwenye valvu ya ekzosi, nikakuta pistoni safi kama imepanguswa. Nilisahau oili. Sehemu nyingine ya udongo nikaikuta kwenye mlango wa ekzosi, nikaitoa kwa kijiti na maneno mabaya.

Ule mstari wa kung'aa kwenye pistoni niliupitisha msasa laini sana, kuondoa kinundu tu, nikaosha na petroli. Nimekosea?

BiMaikromita

Hujakosea. Kinundu chenye ncha kingegeuka kaa la moto humo ndani na kuwasha kabla ya plagi. Ukilainisha basi. Funga.

Ila baada ya kuiwasha mara ya kwanza na kuiacha ipoe kabisa, usiku mzima, fungua kofia ukague nati za hedi kwa toki ileile. Halafu tapeti tena, ikiwa baridi.

Mzuka_wa_Gia

Swali la pembeni. Ule waya wa lehemu wa 1.5 unauzwa kwa mita au kwa roli?

chuma_mbichi

😂😂 Mzuka huyo

NatiKumi

Imewaka kiki ya tatu. Haigongi, haivuti moshi isipokuwa ule wa oili niliyopaka wakati wa kufunga, nao ukaisha.

Asubuhi nimekagua nati. Tatu hazikusogea. Ya mbele kushoto, upande uleule wa gasketi iliyohama, ikakubali kuzunguka kama digrii kumi ndipo spana ikalia. Tapeti zilikuwa zimebana hadi 0.06, nimezirudisha 0.08 zote mbili.

Mzuka, njoo uchukue wa kwangu, umebaki roli nzima.